Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi: Zahanati za mpakani zisigeuzwe geti la Uhamiaji

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Tandahimba, mkoani Mtwara, ukingoni mwa nyanda za juu za Makonde. Ukungu wa asubuhi ukishaondoka, ukisimama nyuma ya nyumba yangu unaliona bonde lote la Ruvuma, na ng'ambo ya bonde ni Msumbiji. Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Nimefanya kazi katika zahanati na vituo vya afya vya mkoa huu kwa miaka 34, hadi nilipostaafu mwaka 2022. Sasa ni mkulima wa korosho kama jirani zangu.

Kilichonishikisha kalamu ni mkutano mkuu wa kijiji chetu uliopita. Ajenda ilikuwa upungufu wa dawa. Akasimama baba mmoja ninayemheshimu, tumepakana mashamba, akasema: "Dawa hazipungui, zinaliwa na watu wa ng'ambo. Ruzuku ya TASAF wamo, kliniki wamo, shuleni wamo. Korosho zetu zinakatwa ushuru, wanaofaidi ni wao." Makofi yakapigwa. Mwingine akapendekeza kwamba kuanzia sasa zahanati isimhudumie mtu asiye na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na walimu wapeleke Uhamiaji majina ya watoto wasio na vyeti vya kuzaliwa. Makofi yakazidi. Nilinyoosha mkono. Giza lilishaanza kuingia, mwenyekiti akanipa dakika mbili, na katika dakika mbili nilichoweza kusema ni kwamba jambo hili si jepesi hivyo. Mtendaji akaandika kwenye muhtasari kuwa pendekezo litapelekwa juu.

Huko juu, Mheshimiwa, ni kwako. Idara ya Uhamiaji iko chini yako, NIDA iko chini yako, Idara ya Huduma kwa Wakimbizi iko chini yako. Nimeona nikutangulie kabla muhtasari haujafika.

Naomba nikueleze usiku mmoja. Ilikuwa Aprili 2021, masika, mto umejaa, majuma machache baada ya mji wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, kuvamiwa na waasi tarehe 24 Machi. Nilikuwa zamu peke yangu katika zahanati ya bondeni. Saa saba za usiku mlinzi akanigongea dirisha. Nje alisimama mama kijana, kitenge kimelowa mpaka kiunoni, mtoto mgongoni. Alikuwa ametembea kutoka Palma hadi Nangade, na kutoka Nangade hadi mtoni, akavushwa kwa mtumbwi, nauli akalipa kwa kitenge chake cha pili. Mtoto alikuwa wa kike, miaka miwili hivi. Mwili unachemka, macho yamegeukia juu, degedege lilishamshika njiani mara mbili. Nikamtoboa kidole. Kipimo cha malaria kilileta mistari miwili kabla dakika zake hazijatimia. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga wa muhogo. Nikamchoma sindano ya artesunate, nikamnywesha maji ya sukari kijiko kwa kijiko, nikamtuma mlinzi akatafute pikipiki ya kutupeleka kituo cha afya.

Wakati tunasubiri nikafungua kitabu cha MTUHA, kile cha kumbukumbu za wagonjwa. Jina la mtoto, umri, uzito, halafu safu ya mahali anapoishi. Nikamwuliza mama kwa Kimakonde, unakaa wapi? Akanyamaza. Baadaye akaingiza mkono kifuani akatoa kadi ya kliniki iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Imeandikwa Kireno, chanjo zote zimejazwa hadi surua. Mama yule alikuwa ameacha nyumba, sufuria na kuku, mumewe hajui aliko. Kadi ya kliniki ya mwanawe hakuiacha. Kwenye safu ile nikaandika neno moja: ng'ambo.

Neno hilo nimeliandika mara nyingi sana katika utumishi wangu. Kwa kanuni inayopendekezwa na kijiji chetu, usiku ule ningetakiwa nimwulize namba ya NIDA kwanza, kidole baadaye.

Sasa nisiwe kama mtu asiyemsikia jirani yake. Malalamiko ya yule baba yana kweli ndani yake, na wanaoyafuta kwa maneno ya undugu na ujirani mwema hawajawahi kusimama dirishani wakimwambia mgonjwa aliyetembea kilomita kumi na mbili kwamba dawa imekwisha, akanunue dukani. Mimi nimesimama. Siku ya kliniki tulikuwa tunapata akina mama arobaini, watano au sita wametoka ng'ambo. Mwaka 2021 kuna siku walifika kumi na tano. Dawa mseto ya mwezi ikaisha wiki ya tatu. Mama wa hapa kijijini anayeishi hatua mia tatu kutoka zahanati akikosa dawa, halafu akamwona mama wa ng'ambo ametoka na pakiti, atasema nini? Atasema alichosema yule baba.

Lakini nani kaleta upungufu ule? Hapo ndipo tulipokosea hesabu mkutanoni. Fedha za afya zinazoshuka kwenye halmashauri hupangwa kwa vigezo, na kigezo kizito ni idadi ya watu. Sensa ya 2022 ilihesabu kila aliyelala nchini usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, Mtanzania na asiye Mtanzania, na Mtwara tukapatikana watu 1,634,947. Anayevuka mtoni Januari akiwa na homa, au familia iliyokuja kupalilia korosho na kurudi kwao, hayumo katika hesabu hiyo. Zahanati ya mpakani inapewa fungu kama vile nyuma yake kuna ukuta, kumbe nyuma yake kuna kivuko. Na sisi wahudumu tuliokuwa tukiandika "ng'ambo" kila siku hatukuwahi kuulizwa na mtu yeyote neno lile limeandikwa mara ngapi kwa mwezi. Takwimu tulikuwa nazo. Zilikuwa zimelala kwenye vitabu, kabatini, zinaliwa na mchwa.

Kwa hiyo kumfukuza mama wa ng'ambo hakuongezi dawa kabatini. Kumhesabu ndiko kunakoongeza.

TASAF ni habari nyingine, na naomba mambo haya mawili yasichanganywe, maana mkutanoni yalichanganywa kama maharage na mchele. Ruzuku ya kunusuru kaya maskini ni fedha ya mkononi, inalipwa kaya iliyoibuliwa na wanakijiji wenyewe, majina yakasomwa hadharani kwenye mkutano. Sina ugomvi na yeyote anayetaka orodha ile ikaguliwe. Tena nakiri, nimewahi kuona kaya iliyoingia wakati mwenye kaya makazi yake ya kweli yako ng'ambo, hapa ana banda la kulalia msimu wa korosho. Aliingiaje? Aliingia kwa sababu sisi wanakijiji, siku ya kusoma majina, tulinyamaza. Wengine kwa undugu, wengine kwa kuogopa kuchukiwa. Kosa hilo linarekebishwa palepale lilipotendeka: orodha ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, isomwe tena kila mwaka, mwenye hoja aseme. Wala halihitaji askari wa Uhamiaji mlangoni pa zahanati.

Wapo wanaosema nchi kubwa ndivyo zinavyofanya, na sisi tuige. Basi tuige yote. Marekani ilitunga sheria mwaka 1996 kwamba hata mhamiaji mwenye kibali halali cha ukaazi wa kudumu asubiri miaka 5 kabla ya kupata misaada mingi ya serikali kuu. Ni kweli. Lakini Marekani hiyohiyo ina sheria ya mwaka 1986 inayoilazimisha hospitali yenye chumba cha dharura kumpokea mgonjwa mahututi na kumtuliza hali yake bila kumwuliza uraia wala fedha. Uingereza anayeomba viza ya kukaa muda mrefu analipishwa mchango wa huduma za afya, paundi 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, ila mtu akianguka barabarani London hatibiwi dharura kwa kuonyesha pasipoti. Wenzetu hao wanabishana kila uchaguzi juu ya wageni na misaada, ubishi mkali kuliko wetu, na bado wametenganisha fedha ya ruzuku na mtoto mwenye degedege.

Niseme kuhusu usalama, kwa kuwa najua ndilo linalokukosesha usingizi, na hata sisi linatukosesha. Mashambulizi ya waasi upande wa Msumbiji yalianza Mocímboa da Praia Oktoba 2017. Novemba 2019 wakulima wetu waliokuwa wanalima upande wa Msumbiji waliuawa hukohuko shambani. Oktoba 2020 wauaji walivuka mto wakaingia Kitaya, hapa hapa mkoani kwetu, wakaua na kuchoma nyumba. Nina watu Kitaya. Sisemi mpaka uachwe wazi, na yeyote aliyezika mwaka ule hawezi kusema hivyo.

Ninachosema ni kile nilichokiona kwa macho yangu. Ile 2021, msako ulipopamba moto na watu wakawa wanapakiwa kwenye magari na kurudishwa, akina mama wa ng'ambo waliacha kuja kliniki. Hawakuondoka nchini. Waliacha kuja, basi. Walijificha kwenye vibanda vya mashambani, kwenye mabonde ya mpunga, wengine kwa ndugu zao waliokuwa wanawafungia ndani mchana. Kabla ya hapo nilikuwa najua nani kavuka, kavukia kivuko gani, kapita njia ipi, kaacha nini nyuma yake, maana mama akiwa anampimisha mtoto uzito anazungumza. Walikuwa wanatuambia vijiji vilivyochomwa kabla redio haijatangaza. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa anapata habari kwetu, na kamati ya ulinzi inapata kwa mwenyekiti. Walipojificha tukabaki gizani. Mtu mwovu haji zahanati kupima uzito. Mama na mtoto ndio wanaokuja, na wao ndio jicho letu mtoni. Ukiweka geti la kitambulisho pale, Mheshimiwa, jicho hilo unalitoboa kwa mkono wako.

Halafu kuna magonjwa yenyewe. Februari 2022 Malawi ilitangaza mgonjwa wa polio, na Mei mwaka uleule Msumbiji ikatangaza wake, mkoani Tete. Serikali yetu ikaendesha kampeni ya matone nyumba kwa nyumba. Nilikuwa nakaribia kustaafu, nilitembea na kibaridi cha chanjo begani, nikiweka alama ya wino kwenye kidole cha kila mtoto. Maelekezo tuliyopewa yalikuwa kila mtoto mwenye umri chini ya miaka mitano. Kila mtoto. Hakuna aliyetuambia tuache wa ng'ambo, maana kila mtu alijua kirusi kikipata mtoto mmoja ambaye hajachanjwa kwenye kibanda cha shambani, kitapanda huku juu kwa watoto wetu. Na malaria hivyo hivyo. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta Mtwara karibu watoto 20 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wana vimelea, na tulikuwa miongoni mwa mikoa iliyo juu kabisa nchini. Mbu akimuuma mtoto asiyetibiwa bondeni hatoi taarifa kwa mtendaji kabla hajamuuma wa kwangu.

Turudi kwenye ushuru wa korosho, maana neno lile la yule baba lilinichoma. Jirani yangu huyo, shamba lake linapaliliwa na nani? Kila Mei na Juni vijana wa ng'ambo wanapiga kambi kwake, wanapalilia, wanapogoa matawi, wanarudi tena Oktoba kuokota. Mwaka juzi mmoja alijikata na panga mguuni akiwa shambani kwake, na yeye mwenyewe ndiye aliyempakia kwenye pikipiki akamleta nimsaidie kumfunga kabla ya kumpeleka kushonwa. Waswahili tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe tumempa, tena la bei rahisi. Kilo za korosho anazookota zinaingia ghalani kwa jina la mwenye shamba, zinakatwa tozo, fedha ile ndiyo tunayoiita yetu. Nilimkumbusha jirani yangu tulipokuwa tunarudi nyumbani. Alinyamaza kwa muda, akasema, "Dada, yule kijana simsemi yeye." Nikamwuliza, sasa unamsema nani?

Na hapo naingia kwenye kilicho kizito zaidi kwangu. Ukiweka kanuni ya kitambulisho, wa kwanza kurudishwa mlangoni hatakuwa Mmsumbiji. Atakuwa Mtanzania wa mpakani asiye na karatasi.

Mama yangu alizaliwa Mueda, Msumbiji. Alikuwa msichana Wareno walipowafyatulia risasi watu waliokusanyika pale tarehe 16 Juni 1960. Familia ikavuka Ruvuma na vyungu kichwani. Akaolewa na baba yangu, Mmakonde wa Newala, nami nikazaliwa Newala mwaka 1962, mwaka ambao FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, kiliundwa Dar es Salaam. Nimesoma shule za Tanzania, nimeajiriwa na serikali ya Tanzania, pensheni yangu inatoka hazina ya Tanzania. Miaka michache iliyopita binti yangu mdogo alikwenda kwenye ofisi moja ya serikali kuomba kitambulisho cha taifa. Afisa akamwuliza bibi yako mzaa mama alizaliwa wapi. Mtoto wa watu akajibu ukweli. Akaambiwa akalete cheti cha kuzaliwa cha bibi. Bibi aliyezaliwa kijijini Mueda miaka ya 1940, chini ya Wareno! Alirudishwa mara nne. Hati ya kiapo ikakataliwa kwa kukosa mhuri, mhuri ukapatikana ikatakiwa barua ya mwenyekiti, barua ikapatikana afisa akawa amehamishwa. Karibu miaka miwili laini yake ya simu ilisajiliwa kwa alama za vidole vyangu. Huyo ni binti wa mtumishi wa serikali anayejua ofisi na anayeweza kulipa nauli ya kwenda na kurudi. Yule bibi kizee wa bondeni asiyejua hata mwaka aliozaliwa yeye mwenyewe, unadhani namba ya NIDA ataipata lini?

Wamakonde wa nyanda za Newala na wa nyanda za Mueda ni watu waliogawanywa na mto kwa kalamu ya Wajerumani na Wareno. Unyago mmoja, ngoma ya mapiko ileile, misiba tunazikana. Ukimweka mhudumu wa afya mwenye umri wa miaka ishirini na mitano, aliyepangiwa kazi kutoka mkoa wa mbali, ndiye aamue kwa kusikia lafudhi nani wa hapa na nani wa kule, ataamua kwa sura na chale za usoni. Bibi zetu wengi wana chale hizo pande zote mbili.

Mkoa huu na jirani zetu wa Lindi tunajua kupokea watu, na tulilipia. Wapiganaji wa FRELIMO walifunzwa Nachingwea, majeruhi wao walitibiwa hapa Mtwara, na vijiji vyetu vya mtoni vilipigwa mabomu na Wareno kwa sababu hiyo. Miaka ya themanini, vita ya waasi wa RENAMO ilipowasukuma watu wa Msumbiji tena huku, niliikuta mwishoni mwake nikiwa mwajiriwa mpya. Ndiko nilikojifunza kupima utapiamlo kwa utepe wa mkononi. Askari wetu waliokufa Msumbiji katika miaka hiyo wamelala Naliendele, unayajua makaburi yale. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen na Umoja wa Mataifa kwa namna nchi hii ilivyohudumia wakimbizi. Na mwaka 2014, wakati wa Rais Kikwete, serikali ilikamilisha kuwapa uraia wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 zaidi ya 160,000. Sikuyasema haya mkutanoni, na nisingependa yageuzwe wimbo wa sherehe. Nayataja kwa sababu wengi wa waliopiga makofi ni vijana, na hakuna aliyewahi kuwaambia.

Sheria nayo ipo. Tumetia saini Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, unaomtambua kuwa mkimbizi hata mtu anayekimbia machafuko makubwa nchini kwake, na tuna Sheria yetu ya Wakimbizi ya mwaka 1998. Mkataba huo unakataza kumrudisha mtu kwenye moto anaoukimbia. Hata hivyo mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilisema hadharani kwamba maelfu ya watu wa mkoa wa Cabo Delgado, kule Palma iliko, walirudishwa kutoka Tanzania kupitia Negomano, upande wa Msumbiji. Mama niliyekueleza alikuwa miongoni mwa waliopakiwa. Siku ya tano, mwanawe ameanza tu kula uji, gari likaja. Nilimfungia dawa zilizobaki kwenye karatasi, nikamchorea jua na mwezi ajue dozi ya asubuhi na ya jioni. Alirudi kiangazi cha mwaka uliofuata, kwa miguu, mto ukiwa magotini, akiwa na mimba. Alikuja kliniki kwangu. Mtoto wake yule wa kike alikuwa amekaa kwenye benchi anakula bibo, juisi inamchuruzika mpaka kiwikoni.

Sasa maombi yangu, Mheshimiwa.

Kwanza kabisa, toa waraka, kwa kushirikiana na Wizara ya Afya na TAMISEMI, usomwe katika kila kijiji cha mpakani kuanzia Msimbati hadi Nanyumbu na kuendelea Ruvuma: mhudumu wa afya na mwalimu hawana kazi ya kukagua uraia, na hakuna mgonjwa, mjamzito wala mtoto atakayezuiwa mlangoni kwa kukosa kitambulisho. Sera ya Afya ya mwaka 2007 imesamehe malipo kwa wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano. Wahudumu wanabishana kama msamaha huo unamgusa wa ng'ambo. Waambie wazi. Na kwa mtu mzima wa ng'ambo anayekuja na ugonjwa usio wa dharura, mwenye uwezo, alipe. Vijana wa palizi wengi wanalipa hata sasa, na wenye mashamba wanaweza kubanwa wawachangie vibarua wao. Sioni ubaya wowote hapo.

La pili ni lile la hesabu. Neno "ng'ambo" liwe na safu yake katika vitabu na katika mfumo wa kompyuta, lijumlishwe kila mwezi, na zahanati zilizo karibu na mto ziongezewe dawa kwa jumla hiyo. Mashirika ya kimataifa yanayosaidia wakimbizi yanapenda takwimu. Tukiwa nazo tunaweza kuomba, na mwananchi wa Tandahimba ataona kwamba mgeni amekuja na pakiti yake ya dawa.

Mtambaswala kuna Daraja la Umoja, Kilambo kuna kituo cha mpakani. Pale wawepo maafisa wa Idara ya Wakimbizi wanaojua Kimakonde, wa kumsikiliza anayekimbia kabla gari halijawashwa. Wanaume wapekuliwe, majina yachukuliwe, alama za vidole zichukuliwe. Ukaguzi ufanyike huko mpakani, na ufanywe na watu waliofundishwa kazi hiyo.

Na NIDA walete mashine vijijini kwa ajili ya wazee wa bonde la Ruvuma, wakae wiki nzima, wakubali ushahidi wa wazee wa ukoo na wa mwenyekiti mbele ya mkutano wa kijiji, kama tunavyoibua kaya za TASAF. Anayedanganya mbele ya kijiji kizima, kijiji kitasema, safari hii hatutanyamaza. Wazee hao wakishapata karatasi zao, nusu ya hofu iliyopiga makofi pale mkutanoni itakuwa imekwisha, kwa sababu nusu ya waliopiga makofi wenyewe hawana namba.

Mkutano wetu mkuu hukaa kila baada ya miezi mitatu. Mwenyekiti ameshasema ajenda ya dawa itarudi, na safari hii nimeomba kuwekwa mwanzoni, kabla jua halijazama. Ningefurahi sana kusimama pale nikiwa na jibu lako mkononi, nilisome mbele ya yule jirani yangu na mbele ya wote.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mkunga mstaafu,
Tandahimba, Mtwara